Kadi ya Kura Iliyokuja Bila Kuombwa

Kenya ilipiga kura Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, na Uswidi ikapiga Jumapili tarehe 11 Septemba. Kipindi hicho chote nilikuwa Göteborg, raia wa nchi ya kwanza na mkazi wa nchi ya pili, nabadilishana zamu na wenzangu kazini ili nipate kukesha na matokeo ya nyumbani. Nyumbani ni Mombasa. Jina langu limo kwenye daftari la wapiga kura la huko na alama za vidole vyangu wanazo, lakini kura sikuwa nayo. Ya Uswidi, ambayo sikuiomba wala kuisimamia foleni, ililetwa na posta.

Hilo la kwanza hata Wakenya wenzangu wa huku hulichanganya. Mwaka ule IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilifungua vituo vya Wakenya wa ng'ambo katika nchi 12: majirani zetu Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, kisha Afrika Kusini, Qatar, Falme za Kiarabu, Uingereza, Ujerumani, Marekani na Kanada. Na hao nao walipiga kura ya rais tu. Habari za gavana na mwakilishi wa wadi ziliwapita. Uswidi haikuwemo. Mimi niliyejiandikisha Mombasa nilikuwa na njia moja, kukata tiketi ya ndege nikapange foleni kwenye kituo changu, na bei ya tiketi ya Mombasa mwezi wa Agosti tunaijua. Nilipiga hesabu nikaachana nayo.

Upande wa Uswidi mambo yako hivi. Mgeni mwenye umri wa kupiga kura aliyesajiliwa kuwa mkazi kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya siku ya uchaguzi anapiga kura ya manispaa na ya mkoa, hata kama pasipoti yake ni ya nchi nyingine. Raia wa Umoja wa Ulaya, Norway na Iceland hawasubiri hiyo miaka mitatu. Utaratibu huu ulitumika mara ya kwanza katika uchaguzi wa 1976. Bunge ni la raia peke yao, na anayechagua Bunge ndiye anayeamua nani awe waziri mkuu, kwa hiyo mlango mkubwa bado umefungwa. Lakini ule mdogo huna haja hata ya kuubisha. Hakuna kujiandikisha. Idara ya kodi, Skatteverket, ndiyo inayoshika daftari la wakazi, nalo linajua unalala wapi. Siku 30 kabla ya uchaguzi orodha ya wapiga kura hutolewa humo, kisha tume ya uchaguzi inakutumia kadi mlangoni. Mtu aliyekulia nchi ambayo kujiandikisha kupiga kura ni shughuli ya kuomba ruhusa kazini huitazama kadi ile kwa shaka. Niliigeuza nyuma na mbele nikitafuta maandishi madogo ya kuniambia nilipe kitu.

Lakini Agosti haikuwa ya Uswidi. Agosti ilikuwa ya dadangu.

Dadangu mkubwa alipiga kura mara mbili mwezi ule, na sheria hakuvunja. Wakenya siku ya kura hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi. Mombasa walipewa tano. Siku moja kabla, IEBC ilitangaza kwamba karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zimechapishwa na makosa, uchaguzi huo umesogezwa mbele. Ukapangwa tarehe 23, ukaahirishwa tena, hatimaye ukafanyika tarehe 29. Alinipigia simu ya video anionyeshe kidole. "Wino wa kwanza haujatoka vizuri, nishachovya wa pili," akasema, akacheka. Halafu akanigeukia: "Wewe huko ulaya umechovya nini?"

Yeye hasira zake zilikuwa za unga. Wiki tatu kabla ya uchaguzi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili itauzwa shilingi 100 badala ya 205. Dadangu alizunguka maduka akiutafuta huo wa mia, akaambiwa umeisha, akaambiwa haujafika, akaambiwa subiri kesho. Mimi nami nilimweleza kwamba huku kila mtu analia na umeme. Uswidi imegawanywa kanda nne za bei ya umeme. Sisi wa kusini tulikuwa tukilipa bei kubwa kuliko watu wa kaskazini kwenye mito na mabwawa, na wanasiasa walikuwa wakirushiana lawama usiku na mchana kuhusu nani alifunga mitambo ya nyuklia. Dadangu akasikiliza, akauliza kama na sisi tumeahidiwa umeme wa shilingi mia.

Baada ya kura kukaja zile siku za kuhesabu. Aliyekuwa ng'ambo wakati ule anazijua. IEBC iliweka Fomu 34A, zile za matokeo, za vituo vyote, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti iliyokuwa wazi kwa yeyote, na kikundi chetu cha WhatsApp cha Wakenya wa Göteborg kikageuka tume ndogo. Kuna aliyekuwa akijumlisha kaunti za Pwani, kuna aliyejitwisha Bonde la Ufa, kuna mwingine wa Mlima Kenya ambaye hesabu zake kila asubuhi zilimpa ushindi mtu anayempenda. Vyombo vya habari navyo vilikuwa na jumla zao, hazifanani. Tarehe 15 pale ukumbi wa Bomas, Nairobi, William Ruto akatangazwa na asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, na makamishna wanne wa tume wakajitenga na matokeo hayo. Mimi nilikuwa kazini, simu mfukoni inatetemeka, mkononi nina sahani ya viazi.

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Wenzangu walikuwa wema sana siku zile, wema wa aina inayochosha kidogo. Waliniuliza kama familia yangu iko salama. Waliniuliza kama kuna moto. Mmoja alinishika bega kana kwamba nimefiwa. Nikamwambia moto haupo, watu wapo kwenye simu wanajumlisha fomu, na kesi itakwenda Mahakama ya Juu. Nikamfungulia ile tovuti nikamwonyesha fomu ya kituo cha shule niliyosoma, na sahihi za mawakala chini yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kuona fomu ya kituo chake mwenyewe hapa Göteborg, wala haijawahi kumjia akilini kuitafuta. Sikujua kama hilo ni la kumwonea wivu au la kumhurumia, na mpaka leo naona ni yote mawili.

Kampeni za Uswidi, kwa mtu wa Mombasa, ni kama harusi iliyosahau kuita wapigaji ngoma. Hakuna malori ya spika. Hakuna leso zenye sura ya mgombea, wala fulana, wala nauli ya kurudia nyumbani. Kuna mabango kwenye nguzo za taa, yamefungwa kwa waya nadhifu. Na kuna vibanda. Kila uwanja wa mtaa una vibanda vidogo vya mbao, kimoja cha kila chama, vimepangwa ubavu kwa ubavu kama maduka ya Marikiti, na ndani yake kuna watu wa kujitolea wanaogawa vipeperushi, kahawa na mkate wa mdalasini. Ukisimama unaweza kubishana nao mpaka kahawa ipoe. Ukipita bila kutazama hakuna anayekufuata. Wa chama hiki na wa chama kile huazimana maziwa. Siku moja niliona bwana mmoja akigawa karatasi kwenye mvua peke yake, nikachukua kwa kumhurumia. Nilipofika nyumbani nikaona ndiye mgombea mwenyewe, picha yake ipo juu ya ukurasa.

Mimi naishi Angered, kaskazini mashariki mwa jiji, mwisho wa safari ndefu ya tramu. Huku wageni ndio wengi. Basi katika msimu wa uchaguzi sisi tulikuwa mada. Mwisho wa Julai waziri wa uhamiaji, na huyu alitoka Socialdemokraterna, chama kilichokuwa madarakani, alisema si vizuri kuwa na mitaa ambako zaidi ya nusu ya wakazi asili yao iko nje ya nchi za Nordiki. Nilikuwa kwenye tramu nilipoisoma habari hiyo. Nikainua macho nikatazama behewa zima: kwa hesabu yake, wengi wetu tulipaswa kushuka. Agosti, Sverigedemokraterna, chama kinachopinga uhamiaji, walilipia treni ya chini ya ardhi ya Stockholm ipakwe matangazo yao, na mwanasiasa wao mmoja akaandika mtandaoni kwamba hii ndiyo treni ya kuwarudisha watu makwao, tiketi ni ya kwenda tu, kituo kinachofuata ni Kabul. Wapo waliocheka. Wapo waliokasirika, wakiwemo Waswidi wengi. Kwenye kikundi chetu mtu aliuliza kama Kabul kuna matatu za kuunganisha hadi Nairobi.

Utani husaidia, lakini kuna jambo moja ambalo halikunichekesha. Vyama kadhaa, vya kushoto na vya kulia, vilizungumzia Kiswidi cha wahudumu wa wazee: kwamba hakitoshi, kwamba kipimwe. Sikatai hoja. Mzee anayeumwa ana haki ya kueleweka, nami mwenyewe nimeona mambo yakiharibika kwa sababu neno moja limekwenda kombo. Kilichonikera ni kwamba katika mijadala yote ya televisheni niliyotazama sikumwona mhudumu hata mmoja akiulizwa. Tulizungumziwa kama hali ya hewa. Asubuhi yake sisi haohao, Msomali, Mfilipino, Mkenya na Mswidi mmoja anayekaribia kustaafu, ndio tuliofungua mapazia ya vyumba na kuuliza umelalaje.

Mitaani kwetu kulikuwa na hofu nyingine pia. Tangu majira ya baridi yaliyotangulia, uvumi ulikuwa umesambaa mitandaoni, tena kutoka nje ya nchi, kwamba huduma za jamii za Uswidi zinateka watoto wa Waislamu. Serikali ilikanusha vikali. Chama kipya kiitwacho Nyans kikaja na ajenda ya Waislamu na wahamiaji, kikapata wasikilizaji vitongojini, ingawa nchi nzima hakikufikia hata asilimia moja. Nilisikiliza akina mama kwenye uwanja wa watoto wakibishana: mmoja anasema usipige kura, ukipiga unawapa jina lako, mwingine anamwambia jina lako wanalo tangu siku ulipoomba nambari ya ukazi, sasa unawaficha nini? Watu wasio raia wanaopiga kura hapa ni wachache sana ukilinganisha na raia, na sababu husemwa kuwa hawajui. Wengine wanajua vizuri tu. Wanaona kuchukua karatasi ile ni kujitangaza.

Kwenye makao yetu kuna bibi aliyevuka miaka tisini. Hapa mzee wa umri huo huitwa kwa jina lake kavu, bila bibi wala mama. Ulimi wangu uligoma miezi ya mwanzo, kisha ukazoea kutamka jina huku moyoni nikimwamkia shikamoo. Alikuwa msomaji wa gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa vifo. Mamake, alinieleza, alikuwa katika wanawake wa kwanza kupiga kura ya Bunge Uswidi, mwaka 1921, na alivaa kofia yake ya kanisani kwenda nayo. Akaniuliza kama mimi nitapiga. Nikamwambia ya manispaa na ya mkoa tu. Akafikiri kidogo.

"Basi wewe ndiye utakayeamua chakula changu," akasema. "Waambie samaki wa Jumanne hapana."

Hakuwa anatania sana. Makao ya wazee ni kazi ya manispaa, pamoja na shule, chekechea, taka na huduma za jamii. Hospitali na usafiri wa umma ni vya mkoa. Maana yake mimi, mtu ambaye haruhusiwi kuchagua hata mbunge mmoja, nilikuwa napigia kura mwajiri wangu, daktari wangu na tramu yangu. Ndipo nikaanza kusoma vipeperushi kwa makini, na nikagundua kwamba huko chini kelele za treni ya Kabul hazifiki kwa nguvu. Huko wanagombania idadi ya wauguzi wa zamu za usiku, kama shule fulani ifungwe, basi lipite wapi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa kusoma karatasi ya serikali na kujikuta nina maoni.

Nilipiga kura mapema. Kura za mapema zilifunguliwa tarehe 24 Agosti, unakwenda maktaba au dukani kati ya manunuzi, na ukibadili mawazo unaweza kwenda kituoni kwako siku yenyewe ukapiga upya, ile ya mwanzo ikafutwa. Sijui IEBC wangetuambiaje jambo kama hilo, tungeuana. Nilikwenda maktaba ya mtaa. Kila chama kina karatasi yake, hakuna picha za wagombea. Za Bunge ni za manjano, za manispaa nyeupe, za mkoa buluu. Zamani unachukua mbele za watu, kila mtu anaona mkono wako umekwenda wapi, na wengi walikuwa wakibeba karatasi za vyama vingi ili kupoteza maboya. Tangu 2019 zimewekwa nyuma ya pazia.

Karani, kijana mpole, alinipa bahasha tatu. Kisha akaitazama kadi yangu, akasoma tena, akanyoosha mkono akachukua moja. Akaomba radhi. Nikamwambia hakuna tabu. Nikaonyesha kitambulisho, wakafunga bahasha zangu mbili pamoja na kadi ndani ya bahasha kubwa ya kusafirishwa hadi kituo changu, na hapo shughuli ikaisha. Sikuchovya popote. Nilipotoka nilimpigia dadangu, nikamwonyesha vidole kumi vyote safi. Akasema kura ya namna hiyo yeye hawezi kuiamini.

Usiku wa tarehe 11 Septemba vituo vilifungwa saa mbili, na dakika ileile utabiri wa televisheni ya SVT ukatoa uongozi mwembamba kwa upande wa Waziri Mkuu Magdalena Andersson. Kufikia usiku wa manane mizani ilikuwa imegeuka. Hakuna aliyetangazwa mshindi usiku ule. Wiki hiyo kwangu ilikuwa imepindana: Jumatatu iliyotangulia Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imethibitisha ushindi wa Ruto, Jumanne ya tarehe 13 akaapishwa uwanjani Kasarani, na Jumatano jioni Andersson akakubali kushindwa, viti 173 kwa 176. Nilitazama kuapishwa kwa Ruto kwenye simu wakati wa mapumziko ya kahawa, wenzangu wakizungumza kuhusu Sverigedemokraterna waliopata asilimia 20.5 na kuwa chama cha pili kwa ukubwa. Walizungumza kwa sauti ya chini. Waswidi hawakwambii waliyempigia, hata mke hamwambii mume wakati mwingine, lakini kwa hesabu za nchi, mmoja kati ya watano alikuwa amekichagua chama hicho, na meza yetu ilikuwa na watu zaidi ya watano. Nilijikuta natazama vikombe. Siku mbili tatu nilikuwa hivyo, nikipanda tramu nahesabu nyuso, kisha nikaona ni ujinga, nikaacha.

Matokeo ya kweli ya uchaguzi kwa mgeni hayaji usiku wa kuhesabu kura. Huja kwa barua baadaye. Oktoba Ulf Kristersson akawa waziri mkuu kwa msaada wa Sverigedemokraterna, na tarehe 1 Novemba 2023 kiwango cha chini cha mshahara kwa mtu anayeomba kibali cha kazi kikapanda kutoka kronor 13,000 kwa mwezi hadi 27,360. Mpango wa kukipandisha ulikuwa umeanza chini ya serikali iliyoondoka, kwa hiyo anayetaka mtu mmoja wa kumlaumu atahangaika. Mkenya mmoja wa kikundi chetu, fundi usafi mwenye bidii kuliko wote ninaowajua, mshahara wake haukufika. Ule mwaka aliumaliza akitafuta mwajiri mwingine, na jina lake limekuwa kimya kwenye kikundi.

Na Göteborg? Göteborg ilikwenda upande wake. Nchi ilipoelekea kulia, hapa jiji likachukuliwa na Socialdemokraterna, chama cha kushoto na cha kijani kwa pamoja. Sitasema kama nilifurahi au nilinuna; nimejifunza adabu za wenyeji. Samaki wa Jumanne yupo palepale.

Nilipokwenda Mombasa likizo, dadangu aliwasimulia majirani barazani kwamba mdogo wake amepiga kura ulaya. Wakataka kujua nimemchagua rais gani. Nikawaambia hakuna rais kule, kuna mfalme, naye hachaguliwi. Waziri mkuu basi? Huyo sikuruhusiwa. Mzee mmoja akakunja uso: sasa umechagua nini? Nikamwambia nimechagua watu wa makao ya wazee na watu wa tramu.

"Umevuka bahari yote ile," dadangu akasema, "ukapigie kura tramu?"

Nikamwambia ndiyo, hasa ile ya saa tano na nusu usiku, maana walitaka kuipunguza, na hiyo ndiyo inayonirudisha nyumbani nikitoka zamu.